Mama anajua faida za kunyonyesha, nani atamwonyesha namna?

Siku ya tatu baada ya kujifungua, mdogo wangu alikuwa amekaa kitandani chumbani kwa mama yetu, Magomeni ya Bagamoyo, akilia bila sauti. Matiti yalikuwa yamejaa na kukakamaa kama madafu, na chuchu ya kulia imechanika. Mtoto alikuwa akishika, anavuta mara mbili, anaachia na kupiga kelele. Uani, mama alikuwa anakoroga uji wa pilipili manga, na shangazi alikwishamtuma mtoto dukani kuleta kopo la maziwa ya unga.

Kila aliyeingia kumpa mzazi hongera alikuwa na neno lake. "Nyonyesha tu mwanangu, maziwa yatashuka." "Huyo ana kiu, joto lote hili! Mpeni maji ya uvuguvugu." "Chuchu zako fupi, umefuata za bibi yako." Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne. Kliniki hakukosa hata mara moja, na bango la mama anayenyonyesha lililobandikwa ukutani alilisoma hadi akalikariri. Faida zote alizijua. Asichokijua ni mkono wake auweke wapi.

Pale alipojifungulia aliagwa kwa maneno mawili: "Hakikisha unanyonyesha." Hakuna aliyekaa kumtazama akimnyonyesha mtoto, hata mara moja.

Jioni akaja jirani yetu, mkunga aliyestaafu. Tukamwamkia, akaitikia, akavuta kigoda. Alikiweka chini ya usawa wa kitanda, hivyo ikabidi amwangalie mzazi kwa kuinua uso. Hakugusa titi, hakumshika mtoto. Alitazama tu, kimya, tangu mtoto anashika hadi anaachia. Kisha akauliza: "Mwanangu, mtoto ananyonyaje?" Swali hilo lilimfungua mdogo wangu, na maneno ya siku tatu yakatoka yote kwa pamoja.

Baada ya kumsikiliza, mama yule alichukua kanga, akaikunja ikawa mtoto, akaonyesha kwenye kifua chake mwenyewe. Tumbo la mtoto liguse tumbo la mama. Kichwa na mwili viwe katika mstari mmoja, maana hata mtu mzima humeza kwa shida huku amegeuza shingo. "Mlete mtoto kwenye titi, usilipeleke titi kwa mtoto. Pua yake ikabili chuchu. Ngoja. Ngoja apige mwayo. Haya, sasa!" Kidevu kikatangulia, mdomo wa chini ukabinuka nje, na sehemu kubwa ya ule weusi unaozunguka chuchu ikaingia kinywani. Taya likaanza kwenda polepole. Akanyoosha kidole: "Sikilizeni." Chumba kizima tukanyamaza, tukasikia mtoto anameza.

Kopo la maziwa halikufunguliwa.

Nilipomsindikiza mkunga yule mpaka mlangoni nilimuuliza ujuzi ule aliupata wapi. Akasema alifundishwa darasani kwa siku tano, halafu akafundishwa na vigoda kwa miaka yote iliyofuata. Tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia elimu hiyo: inafundisha nini, nani anaweza kuisoma, na kwa nini katika ukanda wetu huu, kutoka Bunju na Mapinga hadi Kaole na Saadani, mama anayeipata ni yule mwenye bahati ya kuwa na jirani mstaafu.

Tatizo si nia

Tuanze kwa kuwatendea haki kina mama wa nchi hii. Karibu kila mtoto anayezaliwa Tanzania hunyonyeshwa. Na unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee kwa watoto wa chini ya miezi 6 umekuwa ukipanda. Utafiti wa afya na hali ya watu wa 2004 na 2005 ulikuta asilimia 41, ule wa 2010 asilimia 50, wa 2015 na 2016 asilimia 59, na wa 2022 asilimia 64. Hayo ni matunda ya kazi kubwa ya wauguzi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa 1973.

Hata hivyo, bado zaidi ya theluthi moja ya watoto wanapewa maji, uji au maziwa mengine kabla ya wakati. Mama zao hawakatai kunyonyesha. Wengi wamefikia hitimisho moja linalouma: maziwa yangu hayatoshi.

Wachache kweli hawana maziwa ya kutosha kwa sababu za kiafya, na hao wanahitaji kutambuliwa mapema. Kwa walio wengi, titi hufanya kazi kama kisima kinachojaa kadiri kinavyotekwa. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa homoni mbili: prolaktini inayotengeneza maziwa na oksitosini inayoyasukuma yatoke. Mtoto aliyeshika chuchu tupu, bila ule weusi, hachoti. Anamuumiza mama, anabaki na njaa, anakesha analia. Bibi anamhurumia na kumpa maji au maziwa ya kopo. Tumbo likijaa, hanyonyi, na asiponyonya, titi linaacha kutengeneza. Baada ya wiki mbili maneno ya bibi yanatimia: maziwa yamekuwa machache kweli. Na chanzo chake ni namna mtoto alivyopakatwa siku ya kwanza.

Elimu ya mabango haiwezi kutibu hilo. Bango linasema maziwa ya mama ni bora. Mwaka 2016 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha makadirio kwamba unyonyeshaji ukienea duniani inavyopaswa, vifo vya watoto 823,000 na vifo 20,000 vya saratani ya matiti vingeepukwa kila mwaka. Hizo ni hoja za kumshawishi waziri wa fedha. Mama mwenye chuchu iliyochanika saa tisa za usiku hahitaji hoja, anahitaji mtu wa kukaa naye.

Darasa la soksi mbili

Mtu huyo hufundishwa. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa kozi ya unasihi wa unyonyeshaji ya saa 40, ambayo tangu hapo imekuwa msingi wa mafunzo katika nchi nyingi, yetu ikiwemo. Mmoja wa walioiandaa ni Felicity Savage King, daktari wa watoto kutoka Uingereza aliyekuwa amefanya kazi Afrika. Kitabu chake cha kuwasaidia wahudumu wa afya kuwasaidia kina mama kilitolewa na shirika la AMREF jijini Nairobi mwaka 1985. Kwa hiyo elimu hii ina mizizi hapa hapa Afrika Mashariki.

Vifaa vya darasa hilo vinamfaa hata mwalimu asiye na bajeti. Titi la kufundishia hushonwa kwa soksi mbili, moja ya rangi ya ngozi na nyingine nyeupe. Kwenye kisigino cha soksi ya rangi ya ngozi unapitisha uzi kwa duara la sentimita 4, unauvuta hadi duara libaki sentimita moja na nusu, unajaza karatasi, na hapo umepata chuchu. Kalamu inachora weusi wa kuizunguka. Kwenye kisigino cha soksi nyeupe unachora vifuko vinavyotengeneza maziwa na mirija inayoyaleta mbele. Ukivaa soksi moja juu ya nyingine, umebeba mkononi titi la nje na la ndani. Mwanafunzi akilifunua, anaelewa kwa nini mtoto anayetafuna chuchu peke yake hapati kitu.

Ila sehemu kubwa ya kozi hiyo ni mafunzo ya masikio na ulimi. Mwanafunzi anajifunza stadi 6 za kusikiliza: mkao na uso wake viseme nini, aulize vipi swali linalofungua, aitikie vipi, arudishe vipi maneno ya mama ili mama ajue amesikika, aonyeshe vipi kwamba anahisi anachohisi, na aepuke maneno yanayohukumu. Kwa Kiswahili stadi ya mwisho inaonekana wazi. Ukimuuliza mzazi "Mtoto ananyonya vizuri?" umeshamtega. Akisema hapana, amekiri kwamba ameshindwa, hivyo anajibu ndiyo, na shida inabaki chini ya kanga. Ukiuliza "Mtoto ananyonyaje?" umempa nafasi ya kusimulia. Kumbe swali la mama yule wa kigoda lilikuwa la kufundishwa, na mimi nililidhania ukarimu wa kawaida wa watu wa Pwani.

Baada ya kusikiliza zinakuja stadi nyingine 6 za kumjenga mama: kupokea anachofikiri na kuhisi, kutambua na kusifu anachofanya sawa, kumsaidia kwa vitendo, kumpa habari chache anazozihitaji sasa hivi, kutumia lugha nyepesi, na kupendekeza jambo moja au mawili bila kumwamuru. Siku ile mama yule alimwambia mdogo wangu mambo mawili tu: kumpakata mtoto na kumshikisha titi. La tatu aliliacha hadi kesho yake.

Kutoka saa 40 hadi saa 1,000

Juu ya kozi hiyo ipo ngazi ndefu zaidi, na ndiyo ninayotamani vijana wetu wa uuguzi na ukunga waifahamu. Mwaka huo huo wa 1985, wakati kitabu kile kinatoka Nairobi, ilianzishwa bodi ya kimataifa ya kuwatahini washauri wa unyonyeshaji, inayojulikana kwa kifupi IBLCE. Anayefaulu mtihani wake hupata cheti cha IBCLC, cheti kinachotambulika katika nchi nyingi kama ushahidi kwamba mtu ni bingwa wa fani hii.

Masharti yake si mepesi. Mwombaji anatakiwa awe na masomo 14 ya msingi ya sayansi ya afya, kama vile maumbile ya mwili, lishe, makuzi ya mtoto na saikolojia. Muuguzi, mkunga au daktari kwa kawaida anayo tayari. Anatakiwa pia asome saa 95 za masomo ya unyonyeshaji, 5 kati ya hizo zikiwa za stadi za mawasiliano. Halafu zinakuja saa za kazi yenyewe. Mtaalamu wa afya anahitaji saa 1,000 za kuhudumia mama na mtoto katika unyonyeshaji ndani ya miaka 5 kabla ya mtihani. Anayesoma kupitia programu ya chuo iliyotambuliwa anahitaji saa 300 za vitendo vinavyosimamiwa, na anayejifunza chini ya mlezi mwenye cheti anahitaji 500. Mtihani una maswali 175 ya kuchagua jibu, mengi yakiambatana na picha: titi lenye jipu, kinywa cha mtoto ambaye ulimi wake umeshikwa na ngozi ya chini, mtoto njiti, mapacha. Na cheti hakidumu maisha, kinahuishwa kila baada ya miaka 5.

Tuzitazame saa 1,000 kwa karibu. Muuguzi anayetenga saa moja kila siku, siku sita kwa wiki, atazimaliza baada ya miaka mitatu na ushei. Ni muda mrefu, lakini saa hizo zimejaa tele katika wodi za wazazi na kliniki za mama na mtoto kuanzia Tegeta hadi Bagamoyo na Chalinze. Wauguzi wetu huzifanya kila siku kati ya sindano moja na nyingine, na hakuna anayeziandika. Muuguzi aliyewasaidia kina mama kunyonyesha kwa miaka kumi, akiulizwa ushahidi, hana hata daftari.

Vipo vikwazo vingine. Ada hulipwa kwa fedha za kigeni, na hata ikipunguzwa kwa nchi zenye kipato kama chetu, bado ni mzigo kwa mshahara wa zahanati. Walezi wenye cheti ni wachache mno hapa nchini. Na Kiswahili, lugha ambayo mama wa Kiromo anaitumia kueleza maumivu yake, hakimo kati ya lugha za mtihani huo. Mkunga anayejua kuuliza "ananyonyaje" lazima athibitishe ujuzi wake kwa lugha ambayo mama huyo haijui.

Maneno ya Pwani

Lugha ina uzito hapa, kwa sababu unyonyeshaji wa Pwani una msamiati wake, na asiyeujua hawezi kusaidia.

Chukua neno kubemenda. Wengi katika ukanda huu wanaamini kwamba mama anayenyonyesha akirudi kwa mumewe mapema, au akishika mimba nyingine, maziwa yanachafuka na mtoto anadhoofu: kabemendwa. Mama akijigundua mjamzito humwachisha mtoto ziwa siku hiyo hiyo. Mtoto wa miezi minane anapoteza maziwa ghafla, anakonda, na kila mtu anaona imani imethibitika. Mwalimu wa mabango atasema hizo ni fikra potofu, na mama ataondoka bila kurudi. Aliyesoma stadi zile atapokea kwanza hofu ya mama, kisha atamweleza taratibu kwamba mimba yenye afya kwa kawaida haizuii kunyonyesha, na kwamba kilichomdhoofisha mtoto ni kukosa maziwa. Pia ataona kwamba ndani ya imani hiyo kuna hekima ya wazee: walitaka watoto wapishane. Kutoka hapo anaweza kuanza kuzungumzia uzazi wa mpango.

Au chukua maji. Kwa joto la Bagamoyo la mwezi wa pili, bibi anayeona mjukuu anahema hawezi kuamini kwamba hana haja ya maji. Lakini sehemu 88 kati ya 100 za maziwa ya mama ni maji, na mtoto mwenye kiu hunyonya mara nyingi zaidi. Siku za mwanzo titi hutoa dang'a, ile ya njano nzito, kiasi cha vijiko vichache tu, na tumbo la kichanga halihitaji zaidi. Ukimwonyesha bibi kijiko cha chai na kumwambia kwamba hicho ndicho kipimo cha mlo wa siku ya kwanza, atakuwa mlinzi wako badala ya mpinzani wako. Bibi ndiye anayebaki na mzazi kwa siku zote arobaini. Elimu isiyomfikia bibi inaishia mlangoni.

Kuna pia hofu ya VVU, iliyowatesa wengi. Miaka ya nyuma mama mwenye maambukizi aliambiwa achague kati ya hatari mbili: maziwa yake au maziwa ya kopo yanayochanganywa na maji yasiyo salama. Watafiti wa Muhimbili, wakiongozwa na Dk Charles Kilewo, walikuwa miongoni mwa waliosaidia kuitoa dunia hapo. Utafiti wao wa Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba mama anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU anaponyonyesha hupunguza sana uwezekano wa kumwambukiza mwanawe. Mwaka 2010 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulibadilika kufuata ushahidi wa aina hiyo. Lakini mwongozo hubadilika haraka kuliko masikio ya mtaa, na wapo wanaoishi na neno la mwaka 2003. Kuliondoa kunahitaji mtu anayeaminika na anayejua habari mpya.

Na kuna undugu wa kunyonya. Kwa Waislamu wa Pwani, watoto walionyonya kwa mama mmoja ni ndugu na hawaoani. Nairobi, Hospitali ya Wazazi ya Pumwani ilifungua benki ya maziwa ya mama mwaka 2019 kwa ajili ya njiti na wanaokosa mama. Jambo kama hilo likija kwetu, swali la kwanza la wazee litakuwa: maziwa haya ni ya nani? Mtaalamu aliyesoma vitabu vya ng'ambo peke yake atadhani wanapinga sayansi. Aliyekulia hapa ataelewa kwamba wanauliza juu ya nasaba, na ataandaa daftari la majina kabla ya kuandaa jokofu.

Bahari haisubiri

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, mwajiri anatakiwa kumruhusu kunyonyesha kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Ni sheria njema, ingawa mama anayetoka Bunju kabla ya jua na kurudi na daladala ya usiku anajua ugumu wa kuzitumia saa hizo mtoto akiwa kilomita ishirini mbali.

Lakini kina mama wengi wa ukanda huu mwajiri wao ni bahari. Mwanamke wa Mlingotini anayelima mwani huenda na bamvua. Maji yakipwa ndipo anapofunga na kuvuna, na bahari haimwulizi kama ana mtoto wa miezi miwili. Muuza samaki wa kukaanga pale diko lazima awepo boti zinapoingia. Hawa hawana likizo ya siku 84. Wana ujuzi wa kukamua maziwa, kama wakifundishwa.

Nao hufundishika kwa nusu saa. Nawa mikono kwa sabuni. Chukua chombo safi chenye mdomo mpana, kilichochemshwa. Weka kidole gumba na cha shahada nyuma ya chuchu, pale weusi unapoishia, sukuma kuelekea kifuani kisha bana, bila kuburuza ngozi. Mwanzo hakuna kitu, baadaye matone, kisha yanachuruzika. Yakifunikwa na kuwekwa kivulini mahali penye ubaridi, yanakaa salama saa 4. Bibi anamnywesha mtoto kwa kikombe kidogo cha kahawa, kile cha wazee wa barazani, ambacho ni rahisi kukisafisha kuliko chupa na hakimzoeshi mtoto chuchu ya mpira. Saa 4 zinatosha kwa maji kupwa mara moja. Nikifikiria ni watoto wangapi wa pwani hii waliachishwa ziwa kwa sababu hakuna aliyemwonyesha mama zao jambo la nusu saa, nasikia uchungu.

Na pale ambapo hakuna wa kumwonyesha mama, biashara hujitokeza. Ndiyo maana Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kudhibiti uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama, kura 118 kwa moja, na hiyo moja ilikuwa ya Marekani. Tanzania iliweka kanuni zake mwaka 1994 na kuzipitia upya 2013. Tangazo linaweza kuzuiwa kwa kanuni. Upweke wa mzazi wa usiku wa tatu hauzuiliki kwa kanuni, na kopo huingia kupitia upweke huo.

Bagamoyo inaweza kuanza

Mji huu umezoea kuwa wa kwanza. Mei 2009 majaribio makubwa ya mwisho ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyofanyika katika nchi saba za Afrika, yalianzia hapa, katika tawi la Taasisi ya Afya Ifakara lililo jirani na hospitali ya wilaya. Tuna hospitali, watafiti na wanafunzi wa uuguzi. Tuna hata TaSUBa, chuo cha sanaa ambacho vijana wake wanaweza kushona matiti ya soksi na watoto wa vitambaa kwa darasa zima, na kuigiza mazungumzo ya mzazi na mnasihi hadi bibi wa Kaole acheke na kuelewa.

Ninayoomba ni machache, na yanawezekana. Kila muuguzi wa wodi ya wazazi na kliniki apewe daftari la kuandika saa anazotumia kuwasaidia kina mama kunyonyesha, zisainiwe na mkuu wake, ili atakayetaka cheti cha kimataifa asianze na sifuri. Halmashauri zichague wauguzi wawili watatu na kuwalipia ada na mtihani, kwa masharti kwamba wakirudi watakuwa walezi wa wengine. Kozi ya saa 40 ifundishwe kwa Kiswahili chenye maneno ya Pwani ndani yake, kubemenda na dang'a vikiwemo, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii waisome. Wakunga wastaafu, ambao wamekaa mitaani na ujuzi wa maisha yao yote, waitwe wafundishe. Na kazi hii ipewe jina na nafasi katika muundo wa utumishi. Kazi isiyo na jina haina mshahara wala mrithi.

Juu ya hayo yote, hakuna mama anayepaswa kuruhusiwa kwenda nyumbani kabla mtu aliyefundishwa hajamtazama akinyonyesha, mwanzo hadi mwisho, walau mara moja. Kwa kawaida ni dakika ishirini.

Jirani yetu alirudi kesho yake, na keshokutwa. Siku ya kumi mtoto alipelekwa mizani, akakutwa amerudia uzito wake wa kuzaliwa. Siku hiyo ndipo mama yule alipotuambia hatakuja tena mpaka atakapoitwa, akaomba kigoda chake kirudishwe. Hatukuwa tumejua kwamba alikuja nacho kutoka kwake. Alisema tangu alipokuwa kazini hakutegemea kukuta kigoda, kwa sababu wodini kuna kitanda cha mama na kuna meza ya dawa, lakini mahali pa kukaa kando ya mama hapajawahi kuwekwa kwenye orodha ya vifaa.

Basi kiandikwe kwenye orodha. Kigoda kimoja kwa kila kitanda, na mtu aliyefundishwa kukikalia.